Dawa ya fangasi wa jicho haichaguliwi dukani

Msimu wa mavuno, kutoka Mbarali hadi Mbozi na Ismani, kliniki za macho hupokea wakulima wenye jicho jekundu lenye doa jeupe kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Jani la hindi limekwangua au kapi la mpunga limeingia, na fangasi wa shambani, hasa Fusarium na Aspergillus, wakapata mlango.

Ndugu zetu, kila dawa ya fangasi hupenya jicho kwa namna yake. Matone ya natamaisini ya asilimia 5 hayapenyi sana, lakini kwa kidonda cha juu juu cha Fusarium ndiyo tunaanza nayo. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa 2013 ulionyesha yanafanya vizuri kuliko matone ya vorikonazoli. Vidonge vya vorikonazoli hufika hadi ndani ya jicho. Baadhi ya wagonjwa huona ukungu, mwanga mkali au rangi zilizobadilika muda mfupi baada ya kumeza, kwa kuwa dawa hugusa kazi ya seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa kawaida hali hiyo hupita. Usiache dawa, mwambie daktari, na usiendeshe gari usiku.

Amfoterisini, dawa nyingine ya fangasi, ikiwekwa kwenye mshipa haifiki vya kutosha ndani ya jicho, kwani kuna kizuizi kati ya damu na retina. Fangasi wakishaingia ndani, daktari huidunga dawa hiyo kwa sindano humo humo jichoni, mikrogramu 5 hadi 10 tu. Ikizidi, inaweza kuua retina, na retina iliyokufa haioti tena.

Sasa mtu anapaka jichoni krimu ya fangasi ya ngozi! Wengine maziwa ya mama, wengine maji ya majani. Tumeshasema mara nyingi: hapana. Hatari kubwa zaidi ni matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi, ya kujinunulia. Wekundu hupungua, mtu anarudi shambani, huku fangasi wakizidi kuingia ndani ya jicho.

Anayeuza dawa za cheti bila cheti anavunja sheria. Anaweza kufutiwa kibali na kushtakiwa.

Ukiumia, njoo siku hiyo hiyo na chupa au boksi la dawa yoyote uliyotumia, hata kama imeisha. Utapimwa uwezo wa kuona, utawekewa ganzi ya matone, kisha kidonda kitakwanguliwa kidogo na sampuli kuangaliwa kwa hadubini. Matone ya mwanzo huwekwa kila saa, usiku pia, kwa hiyo njoo na ndugu wa kukusaidia.