Shingo iliyolegea baada ya jeraha la zamani: maswali na majibu kwa watu wa Lamu

Shingo kulegea maana yake nini hasa?

Shingo ina pingili 7, na kila moja imefungwa kwa mwenzake na kano, diski na misuli. Mkwezi aliyeanguka mnazini, kijana aliyechupa gatini maji yamekupwa akagonga mchanga kwa utosi, au abiria wa bodaboda aliyerushwa, anaweza kubaki na mifupa mizima huku kano zimechanika au zimevutika. Akiinama, pingili moja huteleza juu ya nyingine kuliko inavyofaa. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu katikati ya pingili hizo unapita uzi mkuu wa neva unaotoka kwenye ubongo.

Pingili mbili za juu, atlasi na aksisi, zina hadithi yake. Karibu nusu ya mgeuko wote wa kichwa, kulia na kushoto, hufanyika hapo, na kati yao hamna diski. Zinategemea kano zaidi kuliko zile za chini, ndiyo maana jeraha la mahali hapo halichezewi.

Lakini si kila shingo inayouma imelegea. Wengi wenye maumivu ya miaka na miaka wana pingili zilizoshikana vizuri kabisa; kinachowauma ni misuli na viungo vidogo. Na wapo waliolegea wasioumwa sana. Maumivu peke yake si kipimo.

Nilipigwa eksirei siku ileile nikaambiwa hakuna kilichovunjika. Mbona sasa naambiwa nirudie?

Kwa sababu siku ya jeraha misuli hukaza kama ubao na kuishikilia shingo, ulegevu ukajificha. Kwa kawaida picha za kuinama na kuinua kichwa husubiri wiki 2 hadi 3, mkazo upungue. Kama hukurudi wakati ule, rudi sasa.

Picha zinazosaidia ni za ubavuni, tatu: kichwa kikiwa sawa, umeinama, umeinua. Unainama mwenyewe, hakuna anayekusukuma, na ukihisi ganzi au mshtuko unasimama hapo hapo. Daktari hupima pingili imeteleza kiasi gani. Kwa mtu mzima, kuteleza zaidi ya milimita 3.5, au pembe iliyozidi ya pingili jirani kwa zaidi ya digrii 11, ni dalili ya ulegevu. Huko juu, kati ya atlasi na jino la aksisi (kile kipande cha mfupa wake kinachochomoza kwenda juu), nafasi iliyozidi milimita 3 inatiliwa shaka. CT huonyesha mfupa. MRI huonyesha kano na uzi wa neva. Anzia hospitali ya King Fahd mjini, na kabla ya kufunga safari ya Malindi au Mombasa piga simu uulize kama mashine inafanya kazi siku hiyo. Beba picha zako zote za zamani: ulinganisho wa miaka una thamani kuliko picha moja mpya.

Nitajuaje kama uzi wa neva umeanza kubanwa?

Dalili hizi huja polepole, mtu akadhani ni uzee. Vifungo vya kanzu vinakushinda, ufunguo unakuponyoka, mwandiko umebadilika. Miguu inakuwa mizito au unayumba gizani. Ukiinamisha kichwa, mshtuko kama wa umeme unashuka mgongoni hadi miguuni. Mkojo unachelewa kutoka, au unakutoka bila kutaka.

Kuna kipimo cha nyumbani. Nyoosha mkono, kunja ngumi na kuifungua kabisa, haraka uwezavyo, mwenzako akihesabu sekunde 10. Mtu mzima mwenye mikono isiyo na maradhi mengine hufikisha 20 au zaidi. Ukipungukiwa, au ukiona vidole vya upande wa kidole cha mwisho havifunguki vizuri, mwone daktari wiki hiyo. Kipimo cha pili: tembea hatua 10 kisigino kikigusa ncha za vidole vya mguu mwingine, mtu akiwa karibu nawe. Andika matokeo na tarehe, urudie kila mwezi. Hesabu inayoshuka inasema zaidi ya hesabu ya siku moja.

Mkojo kuziba, miguu kuishiwa nguvu ghafla, au ganzi sehemu za siri: usingoje asubuhi.

Kinyozi akimaliza kunyoa hunikunja shingo ikalia, nami napata nafuu. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Ile nafuu ni ya dakika chache. Misuli hulegea baada ya kushtuliwa. Mlio wenyewe hauponyi kitu, ni hewa iliyomo kwenye maji ya kiungo. Kwa shingo iliyolegea, mzungusho wa ghafla ndio hasa unaosukuma pingili mahali isipotakiwa, na hata kwa shingo nzima unaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo kupitia matundu ya pingili. Mwambie kabla hajashika wembe: "Kichwa usinigeuze, nitageuka mwenyewe."

Hayo hayo yamhusu mkandaji. Akukande mabega na mgongo wa juu kwa mafuta ya uvuguvugu, ni sawa. Asivute kichwa, asikizungushe, asiweke goti mgongoni.

Nivae kola ya shingo kila siku?

Kola laini ya sponji haizuii mwendo kwa kiasi kikubwa. Inakukumbusha tu usigeuke ovyo. Kola ngumu yenye mahali pa kuegemeza kidevu inazuia zaidi, na huvaliwa kwa muda aliosema daktari. Ukiivaa miezi bila sababu misuli inanywea, nayo ndiyo iliyobaki kufanya kazi ya kano. Wengi hufaa kuivaa safarini tu. Kwa joto letu, angalia ngozi chini ya kidevu na kisogoni mara mbili kwa siku. Pedi zioshwe, zikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Mazoezi gani hayana hatari?

Yaanze baada ya kupimwa na kuruhusiwa. La msingi ni dogo kiasi kwamba watu hulidharau. Lala chali, kitambaa kilichokunjwa chini ya kisogo. Itikia "ndiyo" kidogo sana, kidevu kishuke bila kichwa kuinuka. Shikilia sekunde 10, pumzika, rudia mara 10. Ukiona misuli minene ya mbele ya shingo imesimama, umezidisha: punguza nguvu. La pili, ukiwa umekaa, vuta mabega nyuma na chini sekunde 5, mara 10. Usizungushe kichwa duara, na usijaribu kunyoosha shingo mpaka mwisho wake. Iliyolegea haihitaji kunyooshwa zaidi.

Na boti, punda, mzigo?

Kwenye boti ya kwenda Mokowe usikae omo. Omo ndiyo inayoruka na kupiga maji. Kaa tezi, karibu na mashine, magoti yamekunjwa kidogo, mkono umeshika. Mwambie nahodha apunguze mwendo penye mawimbi. Unaposhuka gatini maji yakiwa chini, mtu akushike kiunoni au kwapani, asikuvute mkono. Kwenye basi chagua viti vya katikati, si vya nyuma kabisa. Punda wa kupanda mwache. Mwache akubebee mzigo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Dumu la lita 20 juu yake linaongeza kilo 20, yaani mara nne. Usibebe chochote kichwani. Gawanya maji kwenye madumu ya lita 5, moja kila mkono, au kodi mkokoteni.

Je, kusujudu?

Kama kuinamisha kichwa kunaleta ganzi au mshtuko, sali umeketi kwenye kiti kwa ishara: inama kutoka kiunoni, na sijida ishuke zaidi kidogo kuliko rukuu. Hadithi ya Imran bin Huswain inajulikana: simama, usipoweza, keti, usipoweza, lalia ubavu. Kwenye salamu geuza mabega pamoja na kichwa. Undani wa hukumu muulize ustadhi wako, ukimweleza daktari amesema nini.

Kulala na dawa?

Lala chali au ubavu, si kifudifudi. Kwa ubavu, mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega. Kwa chali uwe mwembamba. Kitanda cha kamba kilichobonyea kikazwe. Kuamka: geuka ubavu mwili mzima, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku, na mwenye ini bovu au mwembamba sana apunguziwe. Diklofenaki na ibuprofeni zinadhuru tumbo na figo, na hupandisha presha. Zisiwe za kila siku kwa miaka.

Operesheni ni lazima?

Uzi wa neva ukibanwa, au mteleko ukiongezeka, ndiyo. Pingili huunganishwa kwa skrubu na vyuma, mfupa huota kati yao kwa miezi. Ukivuta sigara mfupa huchelewa kuota. Zikiunganishwa atlasi na aksisi, utapoteza karibu nusu ya kugeuza kichwa, kwa hiyo jifunze kugeuka na mabega. Lengo kubwa la operesheni ni kuzuia udhaifu usizidi. Uliokwisha ingia hauondoki wote kila mara.

Na kwa operesheni yoyote, hata ya ngiri au ya uzazi, mwambie mtaalamu wa usingizi mapema. Wakati wa kuweka mpira wa kupumulia kichwa huinuliwa nyuma, na wewe umelala huwezi kusema inauma. Weka karatasi kwenye pochi pamoja na kitambulisho: "Shingo yangu imelegea, usiinue kidevu." Andika pia pingili zenyewe kama zilivyoandikwa kwenye ripoti yako.