Bwawa limejaa tilapia wasiokua: dhana na ukweli

Kwenye mabwawa ya kuzunguka Lubumbashi, upande wa Kipopo na kando ya mto Kafubu, malalamiko ni yale yale: samaki wamejaa, lakini kila wavu unatoa wa kiganja tu.

Dhana: "Hawa bado watoto, tuwaache wakue."

Hii ndiyo inayotutia hasara kuliko zote. Jike la tilapia, kwenye maji ya joto, anaweza kutaga akiwa na miezi mitatu au minne tu, na uzito wa gramu 30 hivi. Wengi wa tunaowafuga huatamia mayai mdomoni, hulinda vifaranga, na baada ya wiki chache hutaga tena. Basi hao wadogo wengi wao ni akina mama, hata mabibi. Wamedumaa kwa sababu chakula hakitoshi wote, na kile kidogo wanachopata kinaishia kwenye uzazi. Mwangalie: kichwa na macho makubwa, mwili mwembamba, mayai tumboni. Ukimrudisha majini umeongeza mlaji na mzazi kwa pamoja.

Dhana: "Tuongeze pumba na machicha ya bia."

Bwawa likishajaa, chakula cha ziada kinazalisha vifaranga zaidi, na mabaki yanaoza na kumaliza hewa majini. Alfajiri utawakuta samaki wakihema juu juu. Punguza kwanza. Vua wadogo bila huruma, wauze soko la Kenya hapa Lubumbashi au uwale kwa bukari (ugali) nyumbani. Kiangazi kausha bwawa kabisa, kisha anza upya na vifaranga wawili kwa kila mita ya mraba, wasizidi hapo.

Dhana: "Baridi ya Juni na Julai itawapunguza." Hapana. Inasimamisha kutaga tu, na joto la Septemba linawarudisha kazini.

Dhana: "Kambale atamaliza samaki wote."

Atawamaliza ukimleta mkubwa. Akiwa mdogo kuliko tilapia uliowapanda, mdomo wake unaweza vifaranga peke yao, na hao ndio tunaotaka waliwe. Mmoja kwa tilapia kumi ni mwanzo mzuri.

Wengine hutenga madume, kwa kuwa hukua haraka zaidi: chini ya tumbo, nyuma ya tundu la haja, jike ana matundu mawili, dume moja. Kazi inachosha macho, na majike wachache huponyoka, kwa hiyo hata huko kambale wasiondolewe.