"Dokta, amekomaa?" Picha za lenzi zinavyopima mtoto wa jicho

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Mbagala, kashikwa mkono na mjukuu wake, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla hata hajakaa vizuri akaniuliza, "Amekomaa sasa?" Alikuwa anamuulizia mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba lenzi ya ndani ya jicho. Miaka mitatu nyuma kuna mtu alimwambia arudi akikomaa, basi na yeye kasubiri, kaacha kushona, kaacha kwenda sokoni peke yake, juzi kajikwaa kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe. Nikamulika jicho la kulia nikakuta kiini cha lenzi kimeshakuwa cha kahawia kama sukari guru.

Hilo neno kukomaa linaniuma kwa kweli, na ndo maana naandika haya. Zamani lilikuwa na mantiki yake, lenzi ikishatolewa hakuna kitu cha kuweka mahali pake, mgonjwa anabaki na miwani mizito kama kitako cha chupa, kwa hiyo ulikuwa unasubiri mpaka mtu asione kabisa ndo unamfanyia. Lakini Harold Ridley aliweka lenzi bandia ndani ya jicho kule London mwaka 1949, na mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani akaleta mashine inayovunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, hapo hesabu yote ikabadilika. Sasa hivi kiini kikiwa kigumu sana ni tabu, nguvu ya kukivunja inakuwa kubwa na inaumiza seli za ndani ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ambazo hazizaliwi tena. Hata tukifanya ile operesheni ya tundu dogo isiyotumia mashine hiyo, kiini kinatoka kizima, na kiini kikubwa kinataka njia pana zaidi.

Kwa hiyo swali langu mimi silo amekomaa au hajakomaa. Nauliza yuko sehemu gani ya lenzi, mzito kiasi gani, na anamzuia huyu mtu kufanya nini. Mawili ya kwanza picha inayajibu.

Lenzi ya jicho ina umbo la punje ya dengu, katikati kuna kiini, kuzunguka kiini kuna nyama laini, na vyote viko ndani ya kimfuko chembamba. Ukungu unaweza kuanzia kwenye kiini, kwenye ile nyama, au nyuma kabisa kwenye ukuta wa mfuko, na kila sehemu inataka picha ya aina yake. Kiini tunakiona kwa slitilampu, ile mashine unayoweka kidevu na paji la uso, ambayo asili yake ni kazi ya Allvar Gullstrand wa Sweden mwaka 1911. Inatoa mwanga mwembamba unaopita kwenye jicho kwa pembeni kama kisu kinavyopita kwenye embe, unaona tabaka zote kuanzia konea mpaka nyuma ya lenzi. Lenzi ya kijana inapitisha mwanga karibu wote. Kadiri umri unavyokwenda kiini kinaanza kuwa na ukungu, alafu njano, alafu rangi ya chai, mwisho kahawia.

Ili daktari wa Temeke na wa Mwanza waongee lugha moja tunatumia mizani inaitwa LOCS III, waliitoa Leo Chylack na wenzake mwaka 1993. Kuna picha 16 za kulinganishia, 6 za kiini, 5 za nyama ya pembeni na 5 za ukuta wa nyuma, unaangalia jicho la mgonjwa unaangalia picha, unatoa namba yenye nukta. Kiini kinaanzia 0.1 mpaka 6.9, hizo nyingine zinaishia 5.9. Ile nukta ina kazi, ukiandika tu "wa wastani" hutajua mwaka kesho kama amesogea.

Sasa nisimulie kosa langu maana lilinifundisha kuliko semina. Kuna mzee nilimpiga picha kwa simu niliyoifunga kwenye lenzi ya slitilampu, baada ya miezi sita akarudi, nikapiga tena, na picha ya pili ilionekana safi kuliko ya kwanza. Yeye alikuwa ananunua matone fulani kwa mtu aliyemwahidi yatayeyusha mtoto wa jicho, nikamwonyesha zile picha mbili na akaondoka na furaha. Usiku nikazifungua tena kwenye kompyuta nikaona hata mishipa ya weupe wa jicho imebadilika rangi. Simu ilikuwa imejirekebishia mwanga yenyewe, ya pili ikapunguza mwangaza na kuondoa unjano. Lenzi ilikuwa ileile, tena ilishaongezeka kidogo. Nilimpigia asubuhi nikamwomba radhi nikamwambia aache kutupa hela yake, hakuna matone yaliyothibitishwa kuondoa mtoto wa jicho. Tangu siku ile nafunga mwangaza na rangi kwenye simu, upana wa mwanga uleule, pembe ileile, ukuzaji uleule, mboni imetanuliwa kwa matone, na naandika yote hayo kwenye faili. Bila hivyo huna kipimo, una picha tu.

Kwa nyama ya pembeni na ukuta wa nyuma tunapiga picha nyingine, mwanga unaingia hadi nyuma ya jicho, unarudi na wekundu wa retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, na mtoto wa jicho anatokea kama kivuli cheusi juu ya huo wekundu. Wa pembeni anachora mistari kama spoku za baiskeli. Wa nyuma anaonekana kama doa dogo katikati kabisa, na huyu ndo mkorofi. Nilikuwa na dereva wa daladala, kijana tu, ndani ya chumba anasoma ubao vizuri lakini nje jua la saa sita linampofusha na usiku taa za magari yanayokuja zinafumuka kama moto. Jua likiwaka mboni inajifunga, njia pekee ya mwanga inabaki katikati, na doa liko hapohapo. Kwenye mizani hakufika hata 2. Nilipomuuliza dawa akanitajia matone ya macho kuwasha, anayanunua dukani mwenyewe miaka na miaka, na ndani yake kuna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Matone hayo yanaleta mtoto wa jicho wa aina hii hii na yanaweza kupandisha presha ya jicho pia, tafadhali sana msiyatumie bila mtu wa kuwapima.

Zipo mashine kubwa zaidi. Kuna kamera inayofuata kanuni ya Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria aliyekuwa anahangaika na picha za ramani zilizopigwa kutoka angani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ukiinamisha lenzi ya kamera na sehemu ya kupokelea picha kwa pembe inayotakiwa, kitu chenye kina kirefu chote kinatokea bila ukungu. Ndani ya sekunde chache inazunguka jicho, alafu kompyuta inahesabu mwanga uliotawanyika kwenye lenzi na kukupa namba kuanzia 0 mpaka 100, haitegemei macho ya daktari aliyechoka jioni. Kwa kiini naiamini. Kwa lile doa la dereva siitegemei, maana mwanga wake unachoka kabla haujafika nyuma, na airisi, ile duara ya rangi inayozunguka mboni, inaziba kingo mboni isipotanuka. Na lenzi ikishakuwa nyeupe pe, kamera zote zinagonga ukuta, hapo tunapiga ultrasaundi kujua kama retina imekaa mahali pake, na tunamulika tochi pande zote kuuliza mwanga unatoka wapi.

Turudi kwa mama wa Mbagala. Jicho la kulia kiini nilimpa 5.8. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta, mjukuu akasogea karibu, nikamwonyesha rangi ya lenzi yake na ya mtu wa miaka ishirini pembeni. Akakaa kimya kidogo, alafu akaniambia mwaka juzi alianza kusoma Kurani bila miwani akamshukuru Mungu kwamba macho yamerudi ujanani. Ilikuwa dalili, kiini kikiwa kizito kinaongeza nguvu ya lenzi, mtu anaona vya karibu kwa muda, alafu navyo vinapotea.

"Na la kushoto lina ngapi?"

Nikamwambia 3.2.

"Basi na hilo niandikie tarehe mwanangu, nisingoje tena."

Tukaandika la kulia kwanza, la kushoto baadaye, na mjukuu akazipiga picha zote mbili za lenzi azihifadhi kwenye simu yake.