Je, wajua maandishi ya Surak yaliigeuzaje sayari nzima ya Vulcan?

Kama umeshaangalia Star Trek, zile sirizi za TV za safari za anga za juu, hata episodi mbili tatu basi Mvulcan unamjua, masikio yamechongoka, uso umetulia, hacheki halii, kila kitu anapima kwa mantiki. Wengi tunadhani wamezaliwa hivyo. Hapana jamani. Hawa watu kwa asili yao wana hisia kali kuliko sisi binadamu, na zamani walikuwa wanapigana mpaka wakafikia kulipuana kwa nyuklia, ilibaki kidogo tu wamalizane wote.

Aliyewatoa huko ni mwanafalsafa anaitwa Surak. Aliwafundisha kwamba hasira na chuki zinaweza kutawaliwa, kwamba mantiki ndo iongoze mtu, na kwamba unamwendea adui yako bila silaha. Yeye mwenyewe alikufa vita bado haijaisha. Wapo pia waliomkataa kabisa, wakafunga virago wakaihama sayari, na hao ndo baadaye tukawajua kama Waromulan. Waliobaki wakamfuata Surak, na jamii yote ikajengwa juu ya maneno yake.

Sasa swali linalonisumbua kila nikirudia hizi episodi ni hili, kama Wavulcan wote wanamfuata Surak, mbona kwenye sirizi ya Enterprise iliyoanza 2001 wanaonekana waongo, wapelelezi, wanawabania binadamu teknolojia na wanawachukia majirani zao Waandoria? Mashabiki wengi walilalamika sana, wakasema hawa sio Wavulcan tuliowapenda kupitia Spock, yule Mvulcan wa sirizi ya kwanza kabisa. Jibu likaja msimu wa 4, mwishoni mwa 2004, kwenye episodi tatu zinazofuatana: The Forge, Awakening na Kir'Shara.

Jibu lenyewe ni kwamba maandishi halisi ya Surak yalikuwa yamepotea. Yaani fikiria, jamii nzima inaishi kwa maneno ya mtu aliyekufa kama miaka 1,800 iliyopita lakini hakuna hata mmoja mwenye maandishi yake ya asili, kilichopo ni nakala na tafsiri za waliokuja baadaye, na mwenye sauti ya kusema "Surak alimaanisha hivi" ni serikali, ile inayoitwa High Command. Sasa wewe utampinga vipi? Utamwonyesha nini?

Kikatokea kikundi cha Wasyrrannite, kinamfuata mtu anaitwa Syrran, wao wanasema taifa limepotea njia na turudi kwa Surak mwenyewe. Serikali ikawasaka kama magaidi. Mwaka 2154 ubalozi wa Dunia pale Vulcan ukalipuliwa, lawama zikatupwa kwa hao Wasyrrannite, kumbe mpango wote ulikuwa wa V'Las, mkuu wa High Command, aliyekuwa anatafuta sababu ya kuwafyeka na huku anaandaa vita na Andoria, tena kwa siri anashirikiana na Waromulan.

Hapo ndo Archer, binadamu ambaye ni nahodha wa meli ya Enterprise, na T'Pol, Mvulcan anayefanya naye kazi, wanaingia jangwani kuwatafuta Wasyrrannite, kwenye eneo la Forge ambako vifaa vya kisasa vinagoma kufanya kazi. Njia wameipata kwenye kidani alichotumiwa T'Pol na mama yake, ukikiangalia ni pambo la kawaida, kumbe ndani kimeficha ramani. Wakiwa njiani wanakutana na Syrran na radi inampiga anakufa, ila kabla hajakata roho anamshika Archer usoni na kumwachia katra ya Surak. Katra ni kama nafsi ya mtu, ujuzi wake na kumbukumbu zake, inaweza kuhamishwa kutoka akili moja kwenda nyingine. Yaani Mvulcan mkubwa kuliko wote anakaa kichwani mwa binadamu ambaye Wavulcan wamemuudhi maisha yake yote! Mi naona uamuzi huo wa waandishi ni mzuri mno.

Bila ile katra wasingefika popote. Surak ndo anamwongoza Archer kwenye mahandaki ya hekalu la T'Karath mpaka kwenye mlango, na nyuma ya mlango ipo Kir'Shara. Ni kitu kidogo tu chenye umbo la piramidi, unakibeba mikononi. Lakini kinapowashwa mbele ya wakuu wa High Command, herufi za Kivulcan zinatokea hewani kwa mwanga, mistari kwa mistari, maneno ya Surak kama alivyoyaacha.

Huku duniani kuna kitu kinakaribiana na hicho, magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana Qumran miaka ya 1940. Gombo la Isaya lilikuwa na umri wa kama miaka 1,000 zaidi ya nakala za Kiebrania zilizokuwa zinajulikana, wasomi wakalinganisha wakakuta kwa sehemu kubwa maneno ni yaleyale. Vulcan ikawa kinyume chake, asili ilipotoka ikaonekana waliokuwa wanatawala kwa jina la Surak walikuwa mbali naye kabisa. Na ndo maana V'Las aliiogopa ile piramidi kuliko jeshi lolote, kwa sababu kuanzia pale mtu yeyote angeweza kusoma mwenyewe.

Kilichofuata kilienda haraka. Waziri Kuvak akamgeuka V'Las, meli za kivita zikaamriwa zisimamishe mashambulizi dhidi ya Andoria, High Command ikavunjwa. Hata wale waliokuwa wanatengwa kwa sababu ya kuunganisha akili na wengine, kitu kilichohesabiwa aibu na kulaumiwa kwa kuambukiza ugonjwa wa Pa'nar, wakaanza kupata heshima, na T'Pol aliyekuwa anaugua ugonjwa huo kimyakimya akatibiwa na T'Pau, binti mmoja wa kikundi hicho cha Wasyrrannite. Miaka 7 baadaye, 2161, Wavulcan na Waandoria wakawa pamoja kati ya waanzilishi wa Shirikisho la Sayari, watu waliobakiza kidogo tu kuuana.

Na huyo T'Pau usimsahau. Rudi uangalie Amok Time, episodi ya 1967, kwenye ndoa ya Spock. Yule bibi anayeletwa amebebwa kwenye kiti, ambaye kila mtu anamheshimu hata nahodha wa Spock, Kirk, anashangaa kumwona, ndo yuleyule binti aliyekuwa anasakwa jangwani kama gaidi.