Santuri za Kale Hazisafishwi kwa Spiriti: Ufafanuzi kwa Wanaokabidhi Rekodi za Familia

Tarehe 27 Oktoba ni siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2005 kwa ajili ya urithi wa sauti na picha za kale, na kama ilivyo desturi, kitengo chetu cha hifadhi ya sauti huwaalika wananchi wakabidhi santuri walizo nazo majumbani. Mwitikio wa safari hii umekuwa mkubwa, na tunaushukuru. Hata hivyo, yamekuja pia malalamiko: kwamba santuri zimekataliwa mapokezi, kwamba risiti zimechelewa, na kwamba maafisa wetu wanauliza maswali mengi mno kwa kitu ambacho mwananchi anakitoa bure. Ufafanuzi ufuatao unatolewa kwa nia njema, kwa kuwa tunaamini malalamiko nayo yametolewa kwa nia njema.

Thamani ya santuri haiko katika wimbo peke yake. Thomas Edison alipofaulu mwaka 1877 kunasa sauti juu ya karatasi nyembamba ya bati na kuirudisha tena, ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kuisikia tena sauti iliyokwisha kunyamaza. Miaka 29 baadaye chombo cha aina hiyo kilikuwa kimefika Kusini mwa Tanganyika, wakati Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipozunguka Lindi na nchi ya Wamakonde mwaka 1906 akinasa nyimbo kwenye silinda za nta. Wale waliozungumza na kuimba mbele ya pembe ya kunasia sauti ya chombo kile hawakubakiwa na kitu mkononi, kwa sababu silinda zilichukuliwa Ujerumani. Mambo yaligeuka kutokana na sahani bapa ya Emile Berliner, aliyoombea hataza mwaka 1887, kwa kuwa kutokana na kalibu moja ziliweza kugandamizwa nakala maelfu, na sauti ikawa bidhaa ya dukani kama sukari na kanga. (Kwa hiyo si sahihi kuandika katika fomu yetu kwamba gramafoni ni uvumbuzi wa Edison. Tunaisahihisha kila wiki.)

Kwa upwa wetu, badiliko hilo lina mwaka wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, kwa Kiswahili. Kabla ya hapo, aliyetaka kusikia taarabu ilimpasa awe amealikwa mahali inapopigwa, na taarabu ya jumba la Sultani haikuwa ya kila mwalikwa wala lugha yake haikuwa ya kila msikilizaji. Baada ya santuri kuingia madukani, mtu aliyekaa kibarazani au mgahawani aliweza kumsikia Siti bila kumjua, bila kualikwa na bila kujali kama yeye mwenyewe Siti yuko mjini siku hiyo. Mashine nayo ilidai chake. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 hauchukui zaidi ya dakika tatu na ushei, ilhali wimbo wa taarabu mbele ya hadhira huweza kurefushwa kadiri watu wanavyotunza, kwa hiyo waimbaji walipunguza beti au waliukata wimbo katikati na kuumalizia upande wa pili. Wananchi wanaotuletea malalamiko kwamba nakala ya kidijitali tuliyowapa “imekatika” wanaombwa kuangalia kwanza kama wameisikiliza ile ya upande wa pili.

Sasa tuje kwenye suala la kukataliwa. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika si za plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu unaotolewa na wadudu wa laki, hasa kutoka India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Shelaki huyeyuka katika spiriti. Mafundi wa fanicha wanalijua hilo, kwani ndivyo wanavyotengeneza vanishi, lakini bado tunapokea santuri zilizofutwa kwa spiriti ya duka la dawa, zikang'aa vizuri sana na zisibaki na sauti yoyote. Hizo hatuzikatai kwa kiburi. Tunazirudisha kwa sababu hakuna kilichosalia cha kuhifadhi isipokuwa lebo. Vivyo hivyo kwa wale wanaojaribu kwanza “kama inalia” kwa kutumia mashine za kisasa: sindano ya santuri ndefu (LP, zile za plastiki zilizokuja baadaye) ni nyembamba mno kwa mifereji ile mipana, hutambaa chini ya mfereji na kusoma uchafu. Na sindano ya chuma ya gramafoni ya ufunguo ilikusudiwa kubadilishwa kila upande mmoja unapokwisha, kwa kuwa ule unga wa mawe huisaga. Anayepiga santuri kumi kwa sindano ileile anachonga, hasikilizi.

Taratibu za kukabidhi ni kama ifuatavyo, na hazijabadilika. Mwenye santuri atajaza fomu katika nakala mbili, aambatishe nakala ya kitambulisho, na aeleze kwa maandishi santuri imefikaje mikononi mwake: kwa urithi, kwa kununua au kwa kuachiwa. Santuri ya urithi itahitaji pia saini ya ndugu mwingine mmoja wa familia, kwa sababu tumekwisha kuona mjomba akikabidhi asubuhi na mpwa akija kudai jioni. Afisa atanakili lebo pamoja na namba iliyochorwa kwenye shelaki karibu na lebo, ambayo mara nyingi ndiyo pekee inayotuwezesha kutambua kikao cha kurekodi, kisha atatoa risiti ya muda. Risiti kamili hutolewa baada ya ukaguzi, si siku hiyohiyo. Anayetoa maelezo ya uongo kuhusu umiliki atarudishiwa mali hiyo au itazuiliwa, na shauri litapelekwa kwenye vyombo vinavyohusika.

Jambo linalotuchosha zaidi ni la hakimiliki. Kumiliki santuri si kumiliki wimbo. Mtu aliyerithi sanduku la santuri amerithi sahani, na haki za mtunzi, za waimbaji na za mtayarishaji ni mambo mengine yenye mihula yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara na sheria ya Zanzibar ya mwaka 2003. Ni kweli kwamba rekodi nyingi za miaka ya 1920 zimekwisha kupita muda wa ulinzi. Si kweli kwamba kila wimbo wa zamani ni hivyo, na anayezalisha nakala za wimbo unaolindwa kwa biashara anajiweka katika hatari ya faini, kifungo au vyote viwili. Kitengo hakitoi kibali cha kuuza wala hakithamini santuri kwa fedha. Swali la “hii inaweza kufika milioni ngapi” lisielekezwe mapokezi.

Hadi siku ya kukabidhi, santuri zisimamishwe wima ndani ya bahasha za karatasi, mbali na dirisha na mbali na jiko, wala zisirundikwe bapa, kwa sababu uzito na joto huzipinda. Zishikwe ukingoni. Zenye kuvu ziletwe zikiwa na kuvu lake, kwenye bahasha ya peke yake iliyoandikwa hivyo kwa nje. Zilizovunjika zisigundishwe: vipande vyote, hata vidogo, vitiwe pamoja katika bahasha moja na idadi yake itajwe kwenye fomu, sehemu ya 4.