Kizunguzungu baada ya kiharusi na uhusiano wake na damu inayolisha ubongo

Mtu aliyepata kiharusi anaweza kurudiwa na nguvu za mkono na mguu, akaanza tena kutembea mitaa ya Tanga kama Ngamiani au Chumbageni, na bado akawa analalamika kwamba dunia inamzunguka. Wanaomuuguza husema ni uchovu, wengine husema ni presha, na wapo wanaosema amepitiwa na upepo. Kizunguzungu hicho kina sababu zinazoweza kutafutwa, na matibabu yake hutegemea sababu iliyopatikana.

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini mtu akiwa ametulia hupokea kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya damu inayosukumwa na moyo. Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne ya shingoni: miwili mikubwa ya mbele, na miwili ya nyuma ambayo hupenya katika pingili za shingo kabla ya kuungana kuwa mmoja chini ya ubongo. Mishipa ya nyuma ndiyo inayolisha shina la ubongo na ubongo mdogo wa kisogoni, ambako taarifa za sikio la ndani, macho na miguu hukutanishwa ili mtu asimame bila kuyumba. Takriban kiharusi 1 kati ya 5 vya kuziba kwa mshipa hutokea upande huu. Mgonjwa wake huenda asipooze mkono wala asipinde mdomo. Huanza ghafla kwa kizunguzungu, kutapika na kushindwa kusimama, kwa hiyo ni rahisi kudhaniwa kuwa ana malaria. Picha ya CT, yaani ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, ikipigwa saa za mwanzo nayo inaweza isionyeshe kitu, na kutoonyesha huko hakuondoi shaka.

Ubongo wenye afya una uwezo wa kujirekebishia damu: presha ikishuka, mishipa yake midogo hutanuka, na ikipanda, hubana, ili damu inayofika isipungue wala kuzidi. Kiharusi huudhoofisha uwezo huu, hasa katika eneo lililoumia na pembezoni mwake, hata damu inayofika huko ikawa inapanda na kushuka kwa kufuata presha ya mwili. Mtazame mzee anayeinuka kutoka kwenye sijida adhuhuri ya joto la Februari hapa Tanga: anashika ukuta, macho yanaingia giza, anasubiri kidogo, kisha anapata nafuu. Damu imeteremkia miguuni, na ubongo umechelewa kufidia.

Kipimo cha hali hii ni chepesi, na kwa maoni yangu hakifanywi inavyostahili. Presha hupimwa mgonjwa akiwa amelala, kisha hupimwa tena akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, sababu imeanza kuonekana. Hapo daktari huangalia kama mgonjwa anakunywa maji ya kutosha, na huzipitia dawa zake, hasa za presha, za kuongeza mkojo na za tezi dume. Mgonjwa asiache dawa za presha kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa ndizo zinazomkinga na kiharusi cha pili. Abadilishiwe kiwango au saa ya kumeza, na anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame.

Kizunguzungu cha namna nyingine humjia mtu akigeuza kichwa au akijigeuza kitandani, na chumba kikazunguka kweli. Huenda ubongo mdogo umeumia, au chembe ndogo za sikio la ndani zimehama mahali pake, tatizo ambalo mtaalamu huliondoa kwa kumgeuza mgonjwa kichwa kwa utaratibu maalumu. Palipoumia ubongo, tiba kubwa ni mazoezi: kukazia macho herufi iliyobandikwa ukutani huku kichwa kikigeuzwa kushoto na kulia, kisha kutembea pamoja na mtu wa kumshika. Mazoezi hayo huchokoza kizunguzungu kidogo, na ndivyo ubongo unavyojifunza upya. Vidonge vya kutuliza kama sinarizini husaidia siku za mwanzo. Vikimezwa miezi na miezi huchelewesha kujifunza huko.

Kizunguzungu kipya cha ghafla, kikiambatana na kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, kuyumba au kichwa kuuma vikali, ni cha kukimbiza hospitali saa hiyohiyo, Bombo kwa walio mjini. Aliyekuwa naye aikumbuke saa ya mwisho aliyomwona mzima, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.