Kwa nini chaja, transfoma na spika hulia

Mlio unaosikika kwenye kifaa cha umeme, uwe mvumo mzito au sauti nyembamba kama ya mbu, mara nyingi hutokana na kitu kinachotikisika ndani yake, na kwa sehemu kubwa hauna madhara.

Mvumo mzito ni wa transfoma, stabilaiza na choki za taa za tyubu. Umeme wa gridi, Tanzania na Kenya, hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko usumaku wa chuma cha transfoma hufikia kilele mara mbili, hivyo chuma hicho hurefuka na kurudi kwa kiasi kidogo mno mara 100 kwa sekunde. Bati nyembamba zinazounda chuma hicho zikilegea, mvumo huongezeka. Feni inayoendeshwa na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) ya bei nafuu nayo huvuma kuliko kawaida, kwa kuwa mawimbi ya umeme wake huwa ya ngazi badala ya kupanda na kushuka taratibu.

Sauti nyembamba ina asili nyingine. Chaja ya simu hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, au zaidi, kwa kawaida juu ya hezi 20,000 (mara 20,000 kwa sekunde) ambazo sikio la binadamu halifiki. Simu ikijaa, au chaja ikibaki kwenye soketi bila simu, saketi nyingi hufanya kazi kwa vipindi vifupi ili kuokoa umeme, na marudio ya vipindi hivyo hushuka hadi kiwango kinachosikika. Ndipo koili (waya uliozungushwa) na kapasita za kauri (vipande vidogo vinavyohifadhi umeme), ambazo hutanuka na kusinyaa kila volteji inapobadilika, huanza kulia. Mtoto akilalamikia mlio ambao wazazi hawausikii, asipuuzwe, kwani uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua kadiri umri unavyosogea.

Spika ni suala jingine: mrindimo wake simu inapokaribia kuita husababishwa na mawimbi ya simu inayotumia mtandao wa 2G (kizazi cha pili), na kuisogeza simu mbali hutosha.

Kinachopaswa kutia hofu ni mlio wa kupasukapasuka usio na mpangilio kwenye soketi, swichi au plagi, hasa ukiambatana na joto au harufu ya plastiki inayoungua, kwa sababu hiyo ni dalili ya cheche mahali waya ulipolegea. Zima swichi kuu, kisha mwite fundi umeme mwenye leseni. Chaja inayotoa milio ya namna hiyo ibadilishwe, isifunguliwe, maana kapasita zake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.